KIVULI CHENYE FAIDA KATIKA SHAMBA LA BARIDI

Mkulima, mvua ndefu zinakaribia, na huu ndio wakati wa kuchimba mashimo ya miti. Lakini kabla hujashika sururu, keti kwanza ufikiri. Ukikosea mbegu ya mahindi, hasara yake ni ya mwaka mmoja. Mwaka wa pili utapanda nyingine. Ukikosea mti, utakaa na kosa hilo miaka thelathini, na pengine mwanao atalirithi pamoja na shamba.

Huenda ukasema, "Huku kwetu ni nchi ya baridi. Watu wa Lodwar ndio wenye haja ya kivuli, si sisi." Neno hilo lina ukweli nusu. Ni kweli kwamba kivuli kizito katika nchi ya baridi huleta hasara. Lakini shamba lisilo na mti hata mmoja nalo hupata hasara, ila hasara yake huja polepole na mwenyewe haioni. Katika makala hii tutaeleza kivuli cha namna gani chafaa Kitale na Bungoma, ni miti ipi ikupe kivuli hicho, na mahali pa kuipanda.

KWA NINI NCHI YA BARIDI YATAKA KIVULI

Mji wa Kitale uko juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,900, yaani zaidi ya futi 6,000. Mji wa Bungoma uko chini zaidi, kiasi cha mita 1,400. Mtu akipanda mlima, kila mita 1,000 hupunguza joto kwa digrii 6 hivi. Kwa hiyo Kitale ni baridi kuliko Bungoma kwa digrii 3 hivi, na mkulima aliye juu zaidi, kwenye mabega ya Mlima Elgon, ana baridi kubwa zaidi ya hiyo.

Lakini kumbuka jambo hili: hewa ya juu ni nyepesi. Mchana haizuii jua, na usiku haihifadhi joto. Mwezi wa Januari na Februari, wakati mbingu ni nyeupe bila wingu, jua la adhuhuri huchoma ardhi tupu hata mguu hauvumilii; na alfajiri ya siku iyo hiyo umelala chini ya mablanketi mawili. Mimea yako haina blanketi. Joto lililoingia ardhini mchana hutoka usiku na kupotea juu angani.

Mti wenye matawi mapana ni kama mwavuli mchana na kama blanketi usiku. Mchana hupunguza ukali wa jua. Usiku hurudisha chini sehemu ya joto linalotaka kupotea. Kwa hiyo mwenye mti hupata mambo mawili: mchana wake si mkali mno, na usiku wake si baridi mno.

Wakulima wa kahawa walio juu wanajua maana yake. Kahawa inayoungua mchana na kuganda usiku huonyesha majani machanga yenye kingo za manjano, yaliyokunjamana, na vichipukizi vyake hufa na kuota ovyo ovyo. Wataalamu huita hali hiyo ugonjwa wa joto na baridi. Haina dawa ya kupuliza. Dawa yake ni kivuli chepesi.

Ng'ombe wa gredi naye ni vivyo hivyo. Asili ya Friesian na Ayrshire ni nchi za baridi za Ulaya. Joto likipita digrii 25 hivi, naye amesimama katika jua kali, huanza kuhema, hupunguza kula, na maziwa hupungua. Mwezi wa Februari na Machi, joto la adhuhuri la Kitale hupita kiasi hicho mara nyingi. Maziwa yanayopungua jioni ya siku kama hiyo hayakuibwa na mtu; yamechukuliwa na jua.

KIVULI KIKIZIDI

Sasa tutazame upande wa pili. Katika nchi ya joto, mkulima akizidisha kivuli, hasara yake si kubwa. Katika nchi ya baridi, kivuli kizito ni adui, kwa sababu nne.

Kwanza, mahindi hayapendi kivuli hata kidogo. Mbegu chotara zilizotoka Kitale, tangu ile ya 611 ya mwaka 1964, ni mbegu zinazotaka jua. Mahindi yaliyo chini ya mti huwa marefu, membamba, na magunzi yake ni madogo.

Pili, kahawa iliyofunikwa sana hukawia kuiva na huzaa kidogo.

Tatu, unyevu. Umande usipokauka asubuhi, magonjwa ya ukungu hupata makao. Ugonjwa wa matunda ya kahawa, ambao wakulima huuita CBD, ulionekana mara ya kwanza duniani katika magharibi ya Kenya mwaka 1922, nao hupenda mahali penye baridi na maji maji. Hata kama umepanda Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, au Batian ya mwaka 2010, ambazo hustahimili ugonjwa huo, usifanye shamba lako kuwa pango. Kunguni wa kahawa aitwaye antestia naye hupenda kujificha katika kahawa iliyosongamana.

Nne, boma la ng'ombe lisilopata jua halikauki. Matope huleta ugonjwa wa kwato na wa chuchu, na ndama hupata kichomi.

Basi kipimo ni kipi? Simama katika kahawa yako adhuhuri siku ya jua, ukatazame chini. Ikiwa sehemu moja katika tatu ni kivuli na mbili ni jua, hiyo yatosha kwa Bungoma. Mahali pa juu penye mawingu mengi, sehemu moja katika nne yatosha. Ikizidi hapo, chukua panga ukapunguze matawi.

MASWALI MATANO KABLA YA KUCHAGUA

Mtu akija kukuuzia miche, usiulize bei tu. Uliza mambo haya matano:

1. Mti huu hustawi katika baridi ya kwangu? Mwarobaini hustawi chini, lakini katika baridi ya Kitale hudumaa. Mwembe huzaa vizuri nchi ya chini ya Bungoma. Ukiupeleka juu, utapata majani mengi na maembe machache. Mvule pia ni mti wa nchi ya chini.

2. Matawi yake yanapitisha mwanga, au yanaziba kabisa?

3. Mizizi yake hwenda chini, au hutambaa juu na kunyang'anya mazao chakula na maji?

4. Majani yake yakianguka huoza upesi na kuwa mbolea?

5. Ukikatwa matawi, huchipua tena? Mti usiovumilia panga haufai kuwa mti wa kivuli shambani.

MITI INAYOFAA

Mgrevilia. Asili yake ni Australia ya mashariki, nao uliletwa Afrika ya Mashariki kwa ajili ya kutia kivuli mashamba ya chai na kahawa. Hukua upesi, hunyooka, majani yake yamechanika kama unyoya, kwa hiyo hupitisha mwanga. Hauvutani na mazao kama mkaratusi, nao huvumilia sana kukatwa matawi. Mbao na kuni utapata humo humo. Ubaya wake ni huu: matawi yake huvunjika katika upepo mkali, kwa hiyo usiupande karibu na paa.

Mringaringa, ambao Waluhya wengi huuita mukumari. Huu ni mti wa kwetu, nao ni rafiki wa kahawa tangu zamani. Majani yake mapana huanguka na kuwa matandazo mazuri, maua yake meupe ni chakula cha nyuki, na mbao zake hutafutwa na mafundi wa meza na makabati. Hupenda kutoa matawi chini, kwa hiyo ukate matawi ya chini ungali mdogo upate shina refu.

Mkenge. Utautambua kwa kilele chake kilicholala bapa kama mwavuli uliofunguliwa. Majani yake ni madogo sana, na kivuli chake ni kile chepesi tunachokitafuta. Zaidi ya hayo, mizizi yake huweka ardhini mbolea ya naitrojeni kutoka hewani, kama maharagwe yafanyavyo. Ethiopia, nchi ya asili ya kahawa, mkenge ni mmoja wa miti ya kivuli inayopendwa.

Musutsu, ambao Wakalenjin huuita tebeswet. Huota wenyewe katika mashamba mengi, na watu huung'oa kama gugu. Usiung'oe wote. Hukua upesi, hustahimili baridi, majani yake huoza upesi, na nyuki huupenda.

Lusiola, ambao Wajaluo huuita siala. Huu ni mwembamba wenye maua ya manjano. Hauchukui nafasi kubwa, kwa hiyo wafaa mpakani na katika shamba dogo. Nguzo zake hazipendwi na mchwa. Ukikatwa, kisiki huchipua tena.

Sesbania. Huu si mti wa kudumu. Maisha yake ni miaka michache tu. Lakini hukua haraka mno, basi wafaa kutia kivuli cha muda wakati mringaringa au mkenge ungali mdogo. Migomba nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Lakini mahali penye jalidi, sesbania huungua.

Mwiritsa, ambao Wakalenjin huuita tendwet. Huu ni mti wa baridi hasa, na asili yake ni misitu kama ile ya Elgon. Hukua polepole. Gome lake hufanywa dawa inayouzwa Ulaya, na kwa sababu ya watu kubandua magome ovyo, tangu mwaka 1995 biashara yake kati ya nchi na nchi iko chini ya mkataba wa kulinda viumbe walio hatarini. Panda miwili au mitatu pembeni kwa ajili ya wajukuu, wala usimruhusu mtu kuubandua.

Mparachichi. Huu hukupa kivuli na matunda pia. Mche uliounganishwa huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne. Lakini kivuli chake ni kizito, kwa hiyo mahali pake ni nyuma ya jikoni, si kati ya kahawa. Tena sikiliza sana: majani ya mparachichi yana sumu kwa ng'ombe, mbuzi na farasi. Usiupande ndani ya boma, wala usiwatupie ng'ombe matawi yake uliyoyakata.

MITI YA KUJIHADHARI NAYO

Hatusemi mkaratusi ni mti mbaya. Una faida ya nguzo na kuni, na mwenye ekari ya pembeni isiyofaa kwa mazao aweza kuupanda apate fedha. Tunasema si mti wa kivuli cha mazao. Hunywa maji mengi na mizizi yake hwenda mbali. Usiupande kamwe karibu na chemchemi, kisima au mto. Mito yetu, kama Nzoia na Kuywa, hupata maji yake kwenye milima ya Elgon na Cherangani, na aliye chini ya mto hunywa kile ulichomwachia wewe uliye juu. Kanuni za Miti ya Shambani za mwaka 2009 zilikataza kupanda mikaratusi katika mabwawa na kingo za mito, nazo zilimtaka kila mkulima awe na miti katika sehemu moja ya kumi ya shamba lake. Tena, tangu mwaka 2002 yuko mdudu mdogo mfano wa nyigu, aliyeonekana magharibi ya Kenya, ambaye hufanya vinundu katika majani ya mikaratusi michanga na kuidumaza.

Msaipresi nao ni mti wa mbao na wa kuzuia upepo. Kivuli chake ni cheusi, na chini yake hakioti kitu. Na tangu kiasi cha mwaka 1990 chawa wa msaipresi wamekausha ua nyingi katika nchi yetu.

MAHALI PA KUPANDA

Mti mzuri mahali pabaya ni mti mbaya. Jifunze kwanza njia ya jua. Sisi wa Kitale na Bungoma tu karibu sana na ikweta, upande wake wa kaskazini. Mwezi wa Juni jua hupita kaskazini yetu, na kivuli cha adhuhuri huanguka kusini. Mwezi wa Desemba jua hupita kusini, na kivuli huanguka kaskazini. Mti wa futi 40 hutoa kivuli cha adhuhuri kisichozidi futi 18 au 19 mwaka mzima. Lakini asubuhi na jioni kivuli ni kirefu sana, nacho hulala kuelekea magharibi na mashariki.

Kwa mahindi. Kwa sababu hiyo, mstari wa miti ulio kati ya mahindi au mpakani uelekee mashariki na magharibi. Hapo sehemu kubwa ya kivuli kirefu cha asubuhi na jioni huanguka juu ya mstari wenyewe au karibu nao, na mahindi hupata jua lake. Katika miezi ya mahindi kivuli cha adhuhuri huangukia kusini. Kwa hiyo ukiwa na barabara upande wa kusini wa shamba, huko ndiko kwema zaidi. Tufanye hesabu: shamba la ekari moja la mraba lina kiasi cha futi 209 kila upande. Ukipanda pande mbili tu, ile ya kaskazini na ile ya kusini, mti mmoja kila futi 10, utapata miti 42 hivi. Ikikua utapunguza nusu, na hiyo nusu ni kuni na fito.

Kwa ng'ombe. Hapa fanya kinyume: mstari uelekee kaskazini na kusini. Kivuli kitatembea kutwa nzima, ng'ombe watakifuata, samadi itasambaa, na ardhi itapata nafasi ya kukauka. Ikiwa ni boma dogo, panda upande wa magharibi, ambako jua kali la alasiri hutoka, na uache wazi upande wa mashariki. Ndama aliyelala katika baridi ya Kitale huhitaji jua la saa mbili asubuhi kama wewe uhitajivyo chai.

Kwa kahawa. Tawanya miti, mmoja kila futi 40. Ekari moja itachukua miti 27 hivi. Usipange miti ya namna moja tu. Mdudu akija ataimaliza yote. Changanya mringaringa, mkenge na mgrevilia.

Kwa nyumba. Mti mkubwa uwe mbali na ukuta futi 30 au zaidi. Majani yakianguka katika mifereji ya paa huziba, na tangi halipati maji. Kama una sola juu ya paa, tazama kivuli cha mti kitafika wapi utakapokuwa mkubwa, si leo ungali mche.

Kwa upepo na jalidi. Hewa ya baridi ni nzito. Usiku hushuka kama maji kutoka mlimani na kutuama bondeni. Ukiweka ua mzito wa miti chini ya mteremko, umejenga ukuta wa bwawa, na baridi itajaa nyuma yake juu ya mimea yako. Acha nafasi chini ili baridi ipite iende zake. Ua wa kuzuia upepo usiwe ukuta mtupu. Uwe na matundu. Ukuta mtupu huurusha upepo juu, nao hushuka upande wa pili kwa nguvu. Ua wenye matundu huupunguza nguvu hadi umbali wa mara kumi ya urefu wa miti. Jambo hili lafaa sana kwa kahawa ya Elgon, kwa maana majani yaliyojeruhiwa na upepo na mvua ya mawe hufungua mlango kwa ugonjwa wa bakteria unaokausha matawi.

Kwa radi. Nchi za kandokando ya Ziwa Viktoria ni kati ya sehemu zenye ngurumo nyingi duniani. Kila mwaka mvua hii hii tunayoiomba huua watu na mifugo chini ya miti. Usiwe na mti mmoja tu mrefu katikati ya malisho. Panda kundi la miti. Usipigilie waya wa ua kwenye mti, kwa sababu radi ikiupiga mti hukimbia na waya hadi kwa ng'ombe aliyeegemea mbali. Na waambie watoto: wakati wa ngurumo mti si mahali pa kujikinga mvua. Afadhali kulowa kuliko kufa.

KUPANDA NA KUTUNZA

Nchi yetu ina bahati. Mvua yake huanza Machi au Aprili na huendelea hadi Oktoba au Novemba. Mche uliopandwa Aprili hupata zaidi ya miezi sita ya kutia mizizi kabla ya kiangazi. Uliopandwa Septemba hukutana na Januari ungali mtoto, nao hufa.

Chimba shimo sasa, futi moja na nusu upana na kina hicho hicho. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya udongo wa juu na nusu debe ya samadi iliyooza; samadi mbichi huunguza mizizi. Ngoja mvua iloweshe ardhi futi moja kwenda chini. Hapo ndipo upande.

Chagua mche wenye urefu wa futi moja hivi, shina lililonyooka, wenye majani ya kijani. Mche mrefu mwembamba uliokaa kitaluni mwaka mzima usiununue. Mizizi yake imejizungusha ndani ya mfuko. Kabla ya kupanda, chana mfuko wa plastiki uutoe kabisa. Wengi hupanda mche na mfuko wake, kisha hulaumu udongo. Mzizi mkuu uwe wima, usikunjwe. Kanyaga udongo taratibu kwa kisigino, kisha tandaza nyasi kuzunguka mche, lakini zisiguse shina, zisije zikaleta mchwa.

Ukitaka kuotesha mwenyewe, jua tabia ya kila mbegu. Mgrevilia hutoa mbegu upesi na upepo huzichukua, kwa hiyo chuma kabla maganda hayajafunguka, na usiziweke muda mrefu. Mringaringa hukawia, yaweza kupita wiki sita au nane kabla haujaota, basi usikate tamaa ukamwaga kitalu. Mwiritsa upandwe mbegu zingali mbichi, zikikauka zimekufa. Lusiola ni rahisi, huota kwa wiki mbili au tatu. Kwa mbegu safi na mashauri, nenda ofisi ya Huduma za Misitu, KFS, iliyo karibu nawe, au umwulize Bwana Shamba wako.

Miaka miwili ya kwanza ndiyo ya hatari. Palilia duara la futi tatu kuzunguka kila mche. Zungushia miiba, kwa maana mbuzi mmoja kwa dakika mbili humaliza kazi yako ya mwaka. Kuanzia mwaka wa tatu, kata matawi ya chini kila mwaka, lakini usikate zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Wakati mwema wa kukata ni mwanzo wa mvua, ili mahindi na kahawa zipate mwanga wakati wa mawingu. Matawi yatakuwa yamerudi kufika Januari, wakati kivuli kinapotakiwa.

JIRANI NA NYUMBA YAKO

Mashamba mengi ya sikimu yaliyogawanywa tangu mwaka 1962, katika ule mpango wa ekari milioni moja, yamekwisha kugawanywa tena kwa wana na wajukuu. Palipokuwa na mpaka mmoja sasa kuna minne. Mti wa mpakani hutia kivuli pande mbili na mizizi yake haijui hati ya shamba. Kwa hiyo zungumza na jirani kabla ya kupanda, si baada ya mahindi yake kudumaa. Mkubaliane namna ya mti, umbali wake kutoka mpakani, na nani atakata matawi. Mkiweza, pandeni mstari mmoja kwa shauri moja na kugawana kuni. Kesi ya mti wa shilingi chache imewahi kula ng'ombe mzima.

Liko na neno la nyumbani. Katika sehemu kadhaa za magharibi ya Kenya ilisemwa kwamba mwanamke akipanda mti atakosa mtoto, au mume wake atakufa. Katika miaka ya 1980, watu wa mpango wa kuni katika wilaya ya Kakamega walikuta mwiko huo ungali na nguvu, wakaanza na vichaka kama sesbania na kaliandra, ambavyo wenyeji hawakuvihesabu kuwa miti. Wanawake walipanda, wakapata kuni karibu na jikoni. Bibi ndiye anayetembea na kutafuta kuni. Bibi ndiye anayemwagilia mche. Basi haifai mzee achague mti peke yake. Ketini pamoja, baba, mama na vijana watakaorithi, mwulizane: twataka kuni, mbao, matunda, au kivuli cha ng'ombe? Mti uliokubaliwa na wote hautakatwa usiku na mmoja.

Wiki hii, kabla ya mvua, fanya kazi hii moja. Zunguka shamba lako mara tatu kwa siku moja: asubuhi, adhuhuri na alasiri. Tazama jua linatoka wapi, upepo unapita wapi, ng'ombe wanasimama wapi wakichoka, na umande unachelewa kukauka wapi. Pigilia kijiti kila mahali utakapopanda, ukivihesabu. Hesabu hiyo ndiyo ya miche utakayonunua, wala usizidishe kwa sababu muuzaji amepunguza bei. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Jua utalipata Aprili ukiwa na jembe mkononi.